Gramu Ishirini na Sita

Ami Suwaid hauamini udongo kwa macho.
Huumega, huuonja kwa ncha ya ulimi;
ukiwa na chumvi huutema,
na dereva huondoka na lori lake zima.
Ukipita, huuviringisha ukawa tambi,
akauzungusha kidole cha shahada.
Ukipasuka mgongoni, hautaki kazi.
Ukijikunja kimya
umekwisha kuwa mtungi, umbo tu halijafika.

Hapa Bahla, nyuma ya karakana,
huukanyaga kwa visigino, kanzu kaipandisha magotini,
na nyayo zake huzihesabu kwa Kiswahili,
moja, mbili, tatu, hadi mia,
kisha anageuza bonge na kuanza upya.
Aliondoka Wete ana miaka kumi na miwili.
Kwa wateja Kiarabu, kwa benki Kiarabu.
Kiswahili kimembakia miguuni.

Mimi kazi yangu mawe.
Juzi nilimletea moja, la mviringo, refu kama mchi,
keekee imeling'oa mita mia tatu chini ya wadi.
Jeusi la kijani, lateleza kama ngozi ya nyoka,
na mishipa myeupe imelikata huku na huku
kama nyuzi za mshonaji mwenye haraka ya Idi.

Nikamwambia, ami, hili si la hapa.
Lilikaa chini ya chini, chini ya sakafu ya bahari,
huko joto halilisubiri jiwe liyeyuke:
linatambaa likiwa gumu vilevile,
kwa mwendo wa ukucha unavyoota.
Bahari ikafinywa. Likapandishwa nchi kavu.
Ndiyo ile milima ya kahawia
unayoipita kila ukienda Maskati na kuiita mibaya.

Akalipima mkononi.
"Basi nalo limehamia."

Nikamweleza habari ya maji yake.
Lilipofika juu lilikunywa mvua,
si kama sifongo, si kama mtungi:
maji yaliingia ndani ya chembe, yakawa mwili,
likavimba, likajipasua, ufa ukaleta maji mengine.
Lishike, kavu. Lisage, vumbi.
Maji yamo.

"Uongo," akasema. Kwa Kiswahili.

Tukakata kipande.
Mizani ya tende: gramu mia mbili, hazizidi.
Akakiweka tanurini baina ya vyetezo viwili vya ubani,
akaziba mlango kwa tope, akafungua gesi.
Usiku kucha. Na kesho yake kutwa, kupoa;
akanipiga kofi la mkono niliponyoosha.

Kikatoka na rangi ya kutu, kina nyufa,
ukikigonga kinalia sauti nyembamba.
Mia moja sabini na nne.
Akaigonga mizani. Akapima tena.
Akaenda kuazima mizani ya jirani muuza samli.
Mia moja sabini na nne.

"Ishirini na sita zimekwenda wapi?"

Nikamwonyesha bomba la moshi,
na juu yake mbingu ya Juni, haina hata uzi wa wingu.

Alikaa kitako kwenye gunia.
Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji.
Hawakusema maji yapi.
Yapo ya kukandia, jua huyachukua,
na hayo yanarudishika: loweka gae bichi,
asubuhi utakuta tope.
Na yapo yale yasiyolowesha kidole,
moto pekee unayajua yalipo,
yakitoka hayo, chombo ni chombo,
vunja, twanga, loweka mwaka mzima,
hakitakuwa udongo tena.
Haya alikuwa akiyajua tangu utotoni.
Hakuwahi kuyapima tu.

Juu yake mtungi wa maji ulining'inia, unatoka jasho.
Usiotoka jasho haupozi.

Leo alfajiri nimemsikia uani.
Kisigino, kisigino, tope linafyonza na kuachia.
Ishirini na nne. Ishirini na tano.
Ishirini na sita,
na mguu ukabaki hewani,
unadondosha,
muda wa mtu kukumbuka jina la mtaa.

Kisha ukashuka.
Ishirini na saba.